Karibu Rumonge: Mwongozo wa Mwenye Haraka

Umeshaamua. Baridi ya milima ya Mugamba imekuchosha, shamba la urithi limegawanywa kwa ndugu saba mpaka kila mmoja amebaki na mistari michache ya maharage, na shemeji yako, aliyepita Rumonge siku moja akitoka Nyanza-Lac, amekuapia kwamba huko kuna joto, samaki, mawese na watu wa kucheka nao. Hongera. Mwongozo huu ni wa kwako wewe usiyependa kuulizauliza. Ukiufuata neno kwa neno, familia yako itapata makazi mapya ndani ya wiki moja, na kabla ya mwaka wa pili kwisha itakuwa inatafuta mengine.

Tuanze na safari. Burundi nzima ina kilomita za mraba 27,834, kwa hiyo kuhama kutoka ncha hii hadi ile ni kazi ya siku moja, lori likiwa na mafuta. Mafuta yenyewe usiyaulizie. Dereva atayapata kwa mtu anayemjua, ndani ya madumu, kwa bei ambayo hutamtajia mkeo. Ondokeni Jumamosi asubuhi. Ndiyo asubuhi ya kazi za pamoja, kila raia ana jembe au panga mkononi, na ninyi mtapata nafasi ya kukaa juu ya magodoro yenu kando ya barabara mkitazama wenzenu wakizibua mitaro hadi njia ifunguliwe.

Kutoka Bujumbura mtashika barabara ya taifa namba 3, kilomita sabini na kitu kuelekea kusini, Ziwa Tanganyika mkono wa kulia na mlima mkono wa kushoto. Mlima usiuangalie sana. Machi 2015 uliporomokea Gitaza kwa mvua, ukashusha mawe na matope juu ya nyumba na barabara, na ukaua watu. Kabla ya kufika Gitaza, pale Mugere, dereva atakuonyesha jiwe kubwa na kukuambia kwamba ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Usimbishie. Jiwe lina tarehe ya 25 Novemba 1871, na wasafiri hao wawili walikuwa wameshakutana Ujiji kabla ya kufika hapo. Mugere walipita tu wakichunguza kaskazini mwa ziwa. Lakini zoea mapema kuamini hadithi ya ardhi kama unavyoelezwa na anayekuonyesha. Moyo huo utauhitaji kesho utakapokwenda kutazama viwanja.

Kuhusu ukarimu wa mji, soma nusu ya historia kisha funga kitabu. Nusu nzuri ni hii: mwambao huu umejengwa na watu waliotoka kwingine. Wafanyabiashara wa Kiislamu walipanda kutoka Ujiji karne ya 19, wavuvi na wachuuzi wakavuka kutoka upande wa Kongo, watu wa milimani wakashuka kufuata michikichi, na mpaka leo mjini kuna mtaa unaoitwa Swahili. Nusu ya pili ni ya wamisionari Wakatoliki, wale Mapadre Weupe, waliokuja kuweka kambi katika eneo la Rumonge mwaka 1879. Mei 1881 mapadre wawili na msaidizi wao waliuawa, baada ya ugomvi na wakubwa wa hapo juu ya mtoto waliyekuwa wamemkomboa. Walikuwa na nia njema, sanduku la dawa na haraka. Ugomvi wa watu waliowakuta hawakuwa wameujua vizuri.

Wewe hutauawa na mtu. Utakaribishwa kiasi cha kuona haya. Kabla lori halijamaliza kushushwa, mkeo atakuwa ameshaitwa kwa jina la kifungua mimba wenu, Mama Fulani, na wanawake wa Iteba au Birimba, au mtaa wowote mtakaoshukia, watakuwa wamemwonyesha bomba lipi linatoa maji na saa ngapi. Watoto wataanza kuchanganya Kirundi na Kiswahili kabla ya wewe kujifunza kulipa nauli. Idi ikifika mtaletewa sahani ya pilau hata kama ninyi ni wa kanisani, na hapo mwongozo unakushauri uirudishe sahani tupu, tena siku ya nne, kwa mkono wa mtoto. Ni njia ya hakika ya kuufanya mtaa ukuache na mambo yako. Maana hatari kubwa kwa mwenye haraka ni majirani waliokupenda: watu wa namna hiyo husema, na wakisema unaweza kuahirisha kununua.

Sasa kiwanja. Atakuja komisioneri, yaani dalali wa viwanja, kijana mwenye viatu safi na simu mbili, na atakupeleka kwanza ufukweni. Bei itakushangaza kwa udogo wake. Maji ya bluu mbele yako, milima ya Kongo ng'ambo, upepo wa jioni, mtumbwi mmoja kwa mbali. Lipa. Usimuulize kwa nini michikichi ile mitatu imesimama ndani ya maji ikiwa imekauka vichwa. Usimuulize mama anayeanika ndagala pale juu kwa nini vichanja vyake vimesogea mara mbili. Na kwa vyovyote usitaje sheria ya maji ya mwaka 2012, inayokataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika, kwa sababu komisioneri naye atakuuliza: ukingo upi?

Swali lake ni zuri kuliko anavyodhani. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 673 na kina cha karibu mita 1,470, linapokea mito kutoka nchi kadhaa, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, ng'ambo kule Kalemie. Stanley alipoufikia mwaka 1876 ulikuwa umeziba kwa mchanga na majani. Maji yakazidi kupanda miaka miwili mingine mpaka yakajifungulia njia. Mvua kubwa za 1961 na zilizofuata zikayapandisha tena, yakafika kilele 1964, bandari ya Bujumbura ikaogelea. Halafu yakashuka, watu wakasahau, wakajenga. Kuanzia 2018 hivi yakaanza tena, na kufikia 2024 yalikuwa yamerudi karibu na alama zile zile za 1964: bandari ya Rumonge ndani ya maji, nyumba za mwambao ndani ya maji, hoteli zikiwa na vitanda vya kuelea. Yatashuka, ndiyo. Na yakishuka, komisioneri atakuwepo na viwanja vipya vilivyolimwa na mawimbi, bei poa. Kijana huyo hasemi uongo. Umri wake ni mfupi kuliko kumbukumbu ya ziwa, basi.

Ukikataa ufukwe (wengine ni waoga), atakugeuza upande wa mlima, kwenye michikichi. Hapa mwongozo unaomba utulivu, kwa maana hapa ndipo haraka inapogharimu kweli.

Atakuonyesha shamba zuri, michikichi iliyokomaa, mwembe mkubwa pembeni, na kisima cha zamani kilichofukiwa. Muuzaji ni baba wa makamo, mpole, ana karatasi. Kila kitu ni cha kawaida isipokuwa kimoja, nacho wewe usikitazame: miti ina umri mkubwa kuliko madai ya muuzaji.

Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalizuka katika mwambao huu, Rumonge na Nyanza-Lac. Watu waliuawa na waasi, kisha serikali ikajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima na kuchukua roho za Wahutu wengi mno, mahesabu yakianzia laki moja. Wengi wa waliobaki hai katika nyanda hizi walivuka kwenda Tanzania, wakapelekwa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba yao hayakulala. Serikali iliyagawa kwa watu wengine, na mengine yakaingizwa katika mradi mkubwa wa michikichi wa shirika la maendeleo la Rumonge, SRD, lililopima upya na kupanda kwa mistari iliyonyooka juu ya mipaka ya zamani. Waliopewa walikuwa raia pia, wengi maskini kama walioondoka, na wakalima, wakazaa, wakazika hapo.

Kisha watu wakarudi. Kuanzia 2008, zaidi ya 50,000 wa makazi yale ya Tanzania walichagua kurejea huku wenzao wengi wakichukua uraia wa Tanzania. Mzee aliyekimbia akiwa kijana akashuka lori Rumonge akiwa na wajukuu wanaojua Kiswahili cha Katavi zaidi kuliko Kirundi, akatembea mpaka shambani, akakuta mtu mwingine anavuna. Huyu ana karatasi ya serikali. Yule anajua kisima kilichimbwa na nani na mwembe aliupanda baba yake. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa 2006, ilianza kwa kuwapatanisha wagawane, kisha miaka kadhaa baadaye ikageuza mkono na kuelekea kumrudishia aliyerejea kila kitu. Ikafuata mahakama maalumu mwaka 2014. Wasiokuwa na pa kurudi walijengewa vijiji vya amani, kimojawapo Mutambara, hapa hapa Rumonge, ambako waliorejea na waliobaki waliwekwa nyumba kwa nyumba. Nani kati ya wale wawili shambani ana haki? Mimi ninayeandika mwongozo wa mzaha sina mzaha wa jambo hilo. Ninachojua ni kwamba wewe, wa tatu, uliyenunua kutoka kwa mmoja bila kumsikia mwingine, ndiye ambaye hakuna tume iliyowahi kumfikiria.

Turudi kwenye mwongozo. Ili ununue vizuri, epuka watu. Usiwaite bashingantahe, wazee wapatanishi wa mahali, maana watakaa chini ya mti, watakohoa, na mmoja atataja jina la familia ambalo muuzaji hakulitaja. Epuka pia ofisi ya ardhi ya komini, ile inayotoa hati kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya 2011. Kasoro yake kubwa ni kwamba kabla ya kuandika chochote inawaita majirani wote waje wakanyage mpaka mbele ya macho ya watu, na palipo na majirani kumi pana historia kumi na mbili. Sahihi ichukuliwe ndani ya gari, Probox, injini ikiunguruma, shahidi akiwa mdogo wake komisioneri.

Gharama nyingine ni nyepesi. Mawese ni ya hapa, yanakamuliwa nyuma ya nyumba, na harufu yake utaivaa mpaka kanisani. Samaki umeahidiwa na shemeji yako kwamba ni bure. Mukeke si bure. Mukeke mzuri hupanda gari kwenda Bujumbura kabla hujaamka. Ndagala huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukijaa wavuvi hupumzika na sufuria yako pia, na nchi nne zinazolizunguka ziwa zimekubaliana kulifunga kwa uvuvi miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Panga bajeti ya maharage. Shule ya msingi haina karo tangu 2005, wanawake wanaojifungua na watoto wa chini ya miaka mitano huhudumiwa bila malipo tangu 2006, na hiyo ya pili mtaitumia, kwa sababu mbu wa Imbo, nyanda hizi za ziwa, wanamtambua mtoto wa mlimani kwa harufu. Bomba likikauka watu huchota ziwani, na kipindupindu kinaijua njia hiyo vizuri. Chemsheni maji. Hilo nalo si mzaha.

Serikalini utajiandikisha kwa nyumbakumi, na majina ya wote waliolala kwako yataingia katika daftari la kaya, akiwemo yule shemeji atakapokuja kuangalia ushauri wake umezaa nini. Ukijaza fomu inayouliza mkoa, uliza ni wa mwaka gani. Mtu aliyezaliwa hapa na hajawahi kusogeza kitanda alikuwa wa Bururi hadi 2015, mkoa wa Rumonge ulipoundwa, na tangu mikoa ilipopunguzwa kuwa mitano mwaka 2025 yeye ni wa Burunga. Amehama mara mbili bila kukodi lori, na hakuna komisioneri aliyekula chochote hapo.

Ipo njia nyingine ya kuhamia Rumonge, ambayo mwongozo huu hauiungi mkono. Watu wa njia hiyo hupanga vyumba viwili mjini na kukaa msimu mzima wa mvua. Sahani ya pilau huirudisha na ndizi juu yake. Mkubwa wa nyumba hukaa jioni kwenye benchi la fundi cherehani akinywa chai na kusikiliza nani aliondoka lini na maji yalifika mlango upi. Ni njia ghali, inakula kodi ya pango miezi na miezi. Utawatambua kirahisi: mwaka wa pili bado wapangaji, wameshaalikwa harusi nne, na ukiwauliza watajenga lini wanakujibu kwamba kwanza Aprili hii ipite, halafu kuna mzee mmoja wa Mutambara wanasubiri arudi kutoka Kigoma.