Watu Tisa wa Ukumbini, Melini na Mtaroni

Nina starehe mbili, maigizo na safari za majini, na wajibu mmoja: usafi wa mtaa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Starehe nazilipia, kwa wajibu nagongewa mlango. Kote huko macho yangu huwa kwa watu kuliko kile nilichoendea, na watu wenyewe ni walewale. Nawapanga kwa kushuka, kuanzia msumbufu mdogo hadi kinara. Ukijiona humu, tafadhali usinipigie. Namba saba ananitosha.

9. Mwenye kanga ya kuwekea nafasi

Kanga moja, viti vinne. "Kuna watu hapa." Watu gani? "Wanakuja." Ukumbini hao watu wanafika mchezo ukiwa katikati, wakipita juu ya magoti yetu. Kwenye boti ya Unguja wanajitokeza mnara wa Chumbe ukishaonekana, sambusa mkononi. Kwenye usafi, sasa! Sijapata kumwona mtu huyu akimwekea mwenzake reki.

8. Msimuliaji

Amekaa nyuma yako na mchezo anaujua wote. Tulikuwa tunaangalia *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, tamthilia iliyochapwa mwaka 1969, na bwana mmoja akawa anatangulia kila onyesho kwa dakika mbili. "Sasa hapo watadhani maji yanazuia risasi. Hayazuii. Utaona." Bibi wa safu ya mbele akageuka taratibu. "Baba, mimi Mmatumbi wa Kilwa. Unanisimulia *mimi* Majimaji?"

Hatukumsikia tena mpaka taa zilipowashwa.

7. Mwenye simu

"Niko kwenye mchezo! Mchezo! Si wa Simba, wa kuigiza! WA KUIGIZA!" Dawa yake ni katikati ya Ziwa Tanganyika. Huko mtandao unakata, na watu wanaanza kusalimiana.

6. Daktari wa bahari

Boti haijang'oa nanga, yeye keshatoa dozi: nusa ndimu, tafuna tangawizi, usisome, tazama mbali. Mpeleke mkondo wa Nungwi wakati wa kusi, ukielekea Pemba. Mhudumu akipita na mifuko, daktari ndiye wa kwanza kunyoosha mkono. "Ya mgonjwa wangu," anasema. Mgonjwa hatukumwona.

5. Mtunzaji

Huyu nampenda, hata akinikanyaga. Lazima umjue alikotoka. Miaka ya 1990 Dar es Salaam ilikuwa na vikundi vya sanaa kama Muungano na TOT, na kiingilio kimoja kilikupa kila kitu usiku mmoja: ngoma, sarakasi, taarabu, maigizo, kisha taarabu tena. Wakati wa taarabu unainuka, unacheza mpaka jukwaani, unamtunza mwimbaji kwa noti, unarudi kitini jirani yako akiwa ameshaelewa nani amesemwa. Halafu mpangilio ukibadilika na kuingia igizo, wataalamu wanataka mtu huyohuyo akae kimya, miguu pamoja! Nani kamwambia njia imefungwa?

Basi jioni moja marehemu alikuwa amelala katikati ya jukwaa, amefunikwa shuka hadi kifuani, ndugu wanagombea nyumba. Mama mmoja mwenye gauni la kitenge akainuka. Akaenda kwa mwendo wa taratibu, akimfokea mjane wa uongo njiani, akainama akamwekea marehemu noti ya elfu tano kifuani. Feni ya ukumbi ilikuwa inazunguka. Noti ikainua ncha moja, ikainua ya pili, ikaanza kuondoka. Mkono wa marehemu ukatoka chini ya shuka, ukaishika, ukarudi ndani.

Ukumbi ulisimama mzima. Ndugu walisahau nyumba. Mama aliporudi kitini akamwambia mumewe, "Si nilikwambia hajafa?"

Sijui kama mwandishi wa mchezo alikuwepo. Kama alikuwepo, angeiweka hiyo.

4. Abiria aliyegeuka kuli

Watu wakisikia "safari ya meli" wanafikiria majumba meupe yanayotia nanga Zanzibar, watalii wakishuka asubuhi kununua kofia na jioni wakirudi kula. Heri yao. Meli yangu mimi ilikuwa Liemba, ya Ziwa Tanganyika.

Waliojenga meli hii walikuwa Ujerumani, mwaka 1913, wakaiita Graf von Goetzen. Wakaifungua vipande, wakaisafirisha makreti kwa makreti hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isije ikaangukia mikononi mwa adui, ila kwanza wakapaka mitambo grisi. Mtu anazama na bado anafikiria kutu! Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Sisi tulioikuta tuliipanda kwa heshima, maana mara nyingi chombo kinachozama huwa hakikupi nauli ya kurudi.

Lakini nilitaka kusema habari za usiku. Vijiji vingi vya pwani ya ziwa lile havikuwa na gati. Meli ilikuwa inasimama majini, inapiga honi, na gizani mitumbwi inakuja mbio, kila mmoja unataka kuwahi mlango wa ubavuni. Hapo ndipo tiketi yako ya daraja lolote inapokwisha nguvu. Ulikuwa umesimama unatazama. Ghafla una gunia la dagaa mikononi. Umelipokea kwa nani? Hujui. Linakwenda wapi? "Pitisha!" Linafuata tenga la kuku. Linafuata godoro. Halafu nikapewa mtoto mchanga, amelala fofofo, na kabla sijamuuliza mtu ni wa nani, mama yake naye akapanda kwa kushika shati langu. Akamchukua mwanawe, akanitazama juu mpaka chini. "Na ndoo yangu iko wapi?"

Nikaitafuta ndoo. Ungefanyaje?

3. Mpiga picha na ufagio

Ufagio mpya, glovu mpya, fulana bado ina mikunjo ya dukani. Desemba 9, 2015, Rais Magufuli alipokuwa amefuta sherehe za Uhuru na kuagiza siku ile iwe ya usafi, wengi wetu tulifagia. Mwenzetu alifagia kwa sekunde ya kamera, na takataka aliyoifagia ilikuwa imewekwa hapo na msaidizi wake.

2. Msimamizi asiyeteuliwa

Amekuja saa tatu, kazi ilianza saa moja. Mikono nyuma. Anachungulia mtaro, anavuta pumzi, anatamka: "Hapo mngeanzia kule." Nyuma yake kuna wenzake, wote mikono nyuma, wote mafundi. Wawili wako mtaroni hadi magotini wanatoa tope, na wengine tisa wako juu wanalijadili tope hilo kwa kina. Mwenye daftari la mahudhurio akipita, wote wapo.

Huyu alinitatiza kwa muda mrefu, maana namfahamu. Ndiye aliyepanda jukwaani kutunza. Ndiye aliyekuwa mbele yangu kwenye mnyororo wa magunia, jasho linamtoka, hajaombwa na mtu. Tukilipa kiingilio tukae, tunasimama. Tukilipa nauli tubebwe, tunabeba. Tukiitwa bure kuja kufanya kazi, ndipo tunapokumbuka kuwa watazamaji.

Vijijini nisiwasemee. Upareni msaragambo, yaani kazi ya pamoja, ukiitishwa watu wanatoka na majembe, na maboma ya madarasa yaliyosimama kwa nguvu za wananchi yakisubiri bati yapo kote nchini. Mimi naongelea mtaa wetu.

1. Mama aliyenyang'anya chepe

Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando akiwa mmoja wao, walikwenda vijijini miaka ya 1980, Malya ikiwa mojawapo, wakawaachia wanakijiji waigize matatizo yao wenyewe. Mwenyekiti wetu wa mtaa sidhani kama alilisoma hilo popote. Alikuwa amechoka tu na mafundi wa mikono nyuma. Jumamosi moja akawaita vijana wa kikundi cha sanaa, ngoma ikapigwa kando ya mtaro, watu wakajaa. Kanga za kuwekea nafasi zikatandazwa juu ya matofali.

Igizo lilikuwa la mtaro ulioziba. Kijana mmoja, mrembo wa sauti, akashuka na chepe kuigiza mwananchi mwema. Akalishika karibu na bapa, akachota tope la kijiko, akageukia watazamaji kusema maneno yake. Akachota tena.

Mama muuza maandazi hakuweza kuvumilia. Akaweka beseni chini, akakunja doti, akashuka mtaroni. "Lete hapa! Chepe linashikwa hivyo?" Akachota moja, akatupa. Wa pili akashuka kumwonyesha kwamba hata yeye anakosea. Wa tatu akashuka kuwaamua. Mpaka saa tano maji yalikuwa yanatembea.

Yule kijana akabaki kando, mikono nyuma. Mwenyekiti akamfikia.

"Na wewe, kama huna kazi, kaa huko juu na wenzako uangalie."