Pacha wa Kabatini

Fremu moja ya kompyuta, ghorofa ya pili, Mtaa wa Msimbazi. Chini yanapita mabasi ya mwendokasi kwenda Gerezani, na spika ya machinga inatangaza mashuka. Ndani ya kabati la kioo zimelala kadi tatu za grafiki: GTX 1050 Ti ya mtumba, fupi, yenye feni moja na vumbi la heshima, RTX 4060 juu ya boksi lake, na ya tatu kwenye kona, stika yake inang'aa kuliko zote. Muuzaji ameshuka kuswali adhuhuri. Kadi hungoja mwenye duka atoke ndipo ziongee, kama wafanyakazi wengine wote.

MZEE: Siku ya tatu leo tunalala rafu moja, kijana, sijasikia shikamoo.

KIJANA: Shikamoo, mzee. Nisamehe, nilidhani wewe ni feni ya akiba.

MZEE: Marahaba.

KIJANA: Sasa tusizungushane. Wewe una viini 768, mimi 3,072. Transista zako bilioni 3.3, zangu bilioni 18.9. Ulitoka Oktoba 2016 kwa dola 139. Mimi Juni 2023 kwa dola 299. Gemu inayokutoa jasho mimi naiendesha huku nasinzia.

MZEE: Sibishi, hizo ni namba za kweli. Nikuulize moja tu: njia ya memori yako ina upana gani?

KIJANA: Biti 128.

MZEE: Na yangu?

KIJANA: ...128.

MZEE: Miaka saba kasoro, barabara haijaongezwa hata mtaro!

KIJANA: Mwendo ndio umeongezeka. Wewe unapitisha gigabaiti 112 kwa sekunde, mimi 272. Chungulia dirishani: mwendokasi ana njia moja tu, mbona anaziacha daladala?

MZEE: Anaziacha siku akija.

KIJANA: Haya. Kuna hili ambalo zamani zenu halikuwepo. Nikishachora picha ya kwanza na ya tatu, ya katikati naibuni mwenyewe. Kioo kinateleza, mchezaji anashangilia.

MZEE: Kwa hiyo zikihesabiwa picha mia, ulizochora wewe ni ngapi?

KIJANA: Kama hamsini.

MZEE: Na hamsini nyingine?

KIJANA: Akili bandia imekadiria.

MZEE: Picha hewa! Mwaka niliotoka mimi, serikali ilikuwa inawafuta watumishi hewa kwenye orodha ya mishahara. Wewe usingefika mwisho wa mwezi.

KIJANA: Mtumishi hewa haonekani kazini. Picha zangu zinaonekana.

MZEE: Zinaonekana kwa kuchelewa. Huwezi kubuni ya katikati mpaka uwe nayo ya tatu, umeificha kwapani. Mwenzio ameshafyatua risasi, wewe bado unapiga hesabu.

KIJANA: Angalau mimi bado naletewa draiva. Zako za gemu mpya zilikoma Oktoba 2025. Mpaka Oktoba 2028 umebakiziwa za usalama tu. Hiyo ni pensheni.

MZEE: Pensheni isiyo na kikokotoo, nashukuru.

(Kikohozi kutoka kwenye kona.)

PACHA: Shikamoo, mzee. Mimi pia ni GTX 1050 Ti.

MZEE: Marahaba. Kumbe nina pacha! Hebu geuka.

(Anageuka. Nyuma ana soketi ya bluu, ya VGA.)

MZEE: Ukoo wetu wa Pascal hauna soketi hiyo. Una viini vingapi, mwanangu?

PACHA: Tisini.

MZEE: Tisini na ngapi?

PACHA: Na sita.

KIJANA: Huyo ni GT 440! Wa mwaka 2011!

PACHA: Nilikuwa. Waliifuta BIOS yangu wakaniandikia nyingine. Nichomeke kwenye mashine uone: Windows inasoma jina la mzee herufi kwa herufi.

MZEE: Cheti feki. Aprili 2017 walibainika watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wewe ulikuwa wapi?

PACHA: Kwenye kontena, nakuja.

KIJANA: Programu ya GPU-Z inawabaini nyie. Tangu 2018 inawaandika feki mbele ya jina.

PACHA: Fundi mwenye programu hiyo yuko ghorofa ya nne. Wateja wanaishia ya pili, lifti mbovu.

(Muuzaji anarudi. Nyuma yake winga anamvuta mteja aliyebeba Dell OptiPlex nyembamba begani, zile za maofisi ya Ulaya. Anahariri video za harusi na kitchen party. Video moja inamla usiku mzima, na uniti za LUKU nazo.)

WINGA: Bosi, mteja wangu huyu. Anataka mashine iruke.

MTEJA: Nipe ile mpya.

(RTX 4060 anatolewa, anapimwa. Ni mrefu, haingii. Anataka waya wa umeme wa pini nane, na pawa saplai ya ofisi haina. Anarudishwa kwenye boksi lake kimya, viini vyote 3,072.)

MUUZAJI: Chukua hii fupi. Wati 75, inakula umeme wa mazabodi, haitaki waya.

MTEJA: Kioo changu ni cha zamani, kina soketi ya bluu tu.

MUUZAJI: Utaongeza kigeuzi.

WINGA: Kigeuzi cha nini, bosi? Si hii hapa kwenye kona! Jina lile lile, bei nusu, na bluu yake inayo.

(Wanamchomeka Pacha. Jina linatokea kwenye kioo. Mteja anatabasamu, analipa. Winga anakunja cha juu chake mfukoni. Pikipiki inaunguruma chini.)

KIJANA: Mzee, pole.

MZEE: Jina langu limeondoka na bodaboda, mimi nimebaki. Saa hizi liko Fire, linasubiri taa.

KIJANA: Usiku akianza kuhariri atajua.

MZEE: Atajua nini? Mashine ikimgandia atasema, kumbe 1050 Ti ndiyo hii. Na ana marafiki.

(Muuzaji anavuta droo, anatoa kadi nyingine, stika bado ina nailoni, anaiweka kwenye kona palipoachwa wazi.)

MGENI: Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba. Unaitwa nani?

MGENI: GTX 1050 Ti.

MZEE: Geuka.