Mwamba Usio na Dhahabu

Ukitaka kujisagia kioo cha darubini, anza na sahani ya kusagia: duara la jipsam lenye upana sawa na kioo, usoni limebandikwa vipande vya vigae, na kati yake imeachwa mifereji ya kupitisha maji na unga wa msasa. Kioo hukaa juu, ukakisukuma mbele na nyuma huku ukizunguka. Taratibu kioo hubonyea, sahani nayo hutuna. Ukisikiliza maelezo, ni kazi ya jioni moja. Lakini kwetu Chitete kuna majirani.

Jipsam ikishaonja maji haimngoji mtu. Kioo changu cha inchi 6 nilishakitandika nailoni na kukizungushia ukuta wa boksi la biskuti. Nakoroga uji mweupe kwenye sufuria ya mama watoto, mara mzee wa jirani akapiga hodi. Mkono kwenye mwiko, mdomo kwenye shikamoo. Mzee akaulizia watoto, mahindi, mvua, kisha wakwe mmoja mmoja. Mkubwa hakatishwi salamu. Alipomfikia shemeji wa Tunduma, mwiko ulikuwa umesimama wenyewe na sufuria imepata moto bila kuni. Nikauvuta mwiko, sufuria ikaja nayo.

"Hicho mnakula na mboga gani?" mzee akauliza.

Nikajitetea kwa habari za mtazama nyota William Herschel. Mwaka 1781, uleule alioigundua sayari ya Uranus, alijaribu kusubu kioo cha madini nyumbani kwake Bath, Uingereza, kwa kalibu ya udongo na samadi ya farasi. Madini yaliyoyeyuka yakamwagika, mawe ya sakafu yakaruka huku na huku, watu wakatimua mbio.

"Huyo aliharibu sakafu yake," mama watoto akajibu. "Sufuria ni yangu."

Sahani iliyofuata ikakubali. Nikaipaka rangi ya mafuta isinywe maji, nikaibana juu ya pipa uani, nikaanza kuzunguka, kwaru-kwaru, tope la kijivu likinichuruzika viwikoni. Katika mkoa wetu, mtu anayesaga kitu kwa maji mpaka kitoe tope hadhaniwi kuwa na shida na nyota. Balozi wa nyumba kumi akaja, akachovya kidole, akakipeleka kwenye mwanga.

"Mwamba umetoa wapi? Leseni unayo?"

Nikamweleza kuwa natafuta mwezi.

"Kimondo cha Mbozi kilijileta chenyewe pale Ndolezi, tani 12, hakikumtoa mtu jasho. Wewe unazunguka pipa kwa ajili ya mwezi unaoonekana bure?" Akafikiri kidogo. "Hiyo darubini itaonyesha foleni ya malori ya Tunduma inapoishia?"

"Itaonyesha, mzee, ila kichwa chini miguu juu."

"Haidhuru. Foleni yenyewe haina kichwa wala miguu."