Pongezi kwa Ofisi Inayochagua Wapiga Kura

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Taifa ya Usajili wa Watu,
Nairobi.

Nakala: Mwenyekiti, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka.

KUH: SHUKRANI KWA KUTUPUNGUZIA FOLENI

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Naandika kukupongeza. Wakenya wengi wanaamini kwamba uchaguzi mkuu ujao utafanyika Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027, na kwamba wao ndio watakaopiga kura. Ni imani njema, lakini wewe na mimi tunajua uchaguzi huo ulishaanza kitambo, pale dirishani kwenu, na mpiga kura wa kwanza ni karani wako. Yeye huchagua nani apige kura. Waliopita mkononi mwake ndio baadaye huachiwa kazi nyepesi ya kuchagua rais, gavana na mwakilishi wa wadi.

Sheria imekupa mamlaka hayo bila mapambo. Mtu hawezi kuandikishwa kuwa mpiga kura mpaka aoneshe kitambulisho cha taifa au pasipoti. Leseni ya udereva haimsaidii, hata kama ndiyo inayomruhusu kubeba roho za abiria thelathini na watatu kutoka Malindi hadi Mombasa. Cheti cha kuzaliwa hakimsaidii. Ile karatasi ya kusubiri mnayompa mkishamchukua alama za vidole nayo haimsaidii, kwa sababu Serikali haiamini karatasi iliyotolewa na Serikali. Na kwa kuwa mtu mzima hapewi pasipoti bila kitambulisho, zile njia mbili alizowekewa raia ni moja tu, nayo inapita mlangoni kwenu.

Kuna kizuizi kimoja kidogo, nacho ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 12 kinasema raia ana haki ya kupewa pasipoti na hati nyingine za usajili. Cha 38 kinampa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa na kupiga kura bila kuwekewa vikwazo visivyo na sababu ya maana. Kisha cha 83 kinaongeza kwamba mipango ya kuandikisha wapiga kura iwe ya kumwezesha raia, isiwe ya kumnyima. Walioandika maneno hayo bila shaka walikuwa na vitambulisho mifukoni, wakadhani kila mtu anacho. Ofisi yako haikuwabishia. Iliendelea tu na kazi.

Na kazi yenyewe, ile iliyowapatia jina, ni kupiga watu msasa. Kwa miaka mingi kijana wa Nyeri alipotimiza miaka 18 alikuja na cheti chake cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi, akapigwa picha, akaenda zake. Mwenzake wa Garissa, Mandera, Kibera au Mji wa Kale wa Mombasa alikuja na hivyo vyote, na bado akaambiwa angoje siku ya kamati. Siku ya kamati ilipofika alikuta wazee na maafisa wa usalama wamepanga viti. Akaulizwa ukoo wake, jina la mzee wa mtaa, na babu yake alizikwa wapi. Kisha likaja ombi ambalo mimi hulivulia kofia kila ninapolisikia: alete kitambulisho cha nyanya yake.

Niruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu sijaona chombo kingine cha Serikali kilichobuni kitu maridadi namna hii. Sheria ya usajili ya mwaka 1947 iliwahusu wanaume. Wanawake wa Kenya hawakuingizwa katika daftari lenu mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo tuseme nyanya wa msichana huyu wa Mji wa Kale alifariki mwaka 1975. Hakuwa na kitambulisho si kwa kuwa alikuwa mgeni, wala kwa kuwa alijificha. Hakuwa nacho kwa sababu ofisi yako haikuwa ikitoa vitambulisho kwa wanawake. Leo mjukuu wake anasimama mbele ya meza, na ofisi ileile inamtaka alete hati ambayo ofisi ileile haikuitoa, ili ofisi ileile iridhike kwamba yeye ni Mkenya. Mchawi hajawahi kupewa mtoto alee kwa ustadi kama huu.

Na uzuri haujaisha. Mei 1963 nyanya huyo alikuwa na haki ya kupanga foleni kuchagua serikali iliyotupeleka kwenye uhuru, bila kuwa na kitambulisho cha taifa. Huenda kura yake ilikuwamo katika lile debe lililozaa Serikali inayokulipa mshahara. Mjukuu ana cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, namba ya simu, na alama zote kumi za vidole, lakini haki aliyokuwa nayo nyanya asiyekuwa na karatasi, yeye anahangaika nayo akiwa na bahasha nzima.

Wapo wanaharakati wanaosema kwamba kitambulisho chenyewe kina ukoo mbaya, kwamba kilizaliwa na kile kipande cha mkoloni ambacho kuanzia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma, na ambacho Harry Thuku na wenzake walikipinga mpaka Thuku akakamatwa mwaka 1922. Mimi siwaungi mkono hao. Kipande cha mkoloni kilikuwa rahisi mno kukipata. Mzungu alikuwa radhi kukupa hata kama hukukitaka, na hakuuliza nyanya yako alikuwa nani. Ilibidi tujitawale ndipo kipande kianze kunyimwa watu.

Waulize Wamakonde wa Kwale. Wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya katani na miwa. Wakazaa, wakazika, wakachonga vinyago tunavyowauzia watalii na kuviita utamaduni wa Kenya. Vitambulisho havikuja. Oktoba 2016 walianza safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Ikulu ya Nairobi kumwomba Rais Uhuru Kenyatta uraia. Watu wasio na kitambulisho, katika nchi ambayo askari wa barabarani anaweza kukushusha gari kwa kukosa kitambulisho, wakafunga safari hiyo kuomba kitambulisho. Walipewa, na mwaka uliofuata wakatangazwa kuwa kabila la 43. Washona walingoja mpaka 2020, Wapemba mpaka 2023. Huu ndio utaratibu mzuri: anayetaka kura aanze na miguu.

Kaskazini mmekuwa wabunifu zaidi. Wakati wa ukame wa miaka ya nyuma, Wakenya wa Garissa na kwingineko waliingia katika kambi za Dadaab kufuata chakula cha msaada, wakachukuliwa alama za vidole kama wakimbizi. Wengi walikuwa watoto. Mtoto alipokua na kuja kwenu, mashine ikalia: huyu ni mkimbizi. Maelfu ya watu wakakwama hapo kwa miaka. Somalia haiwajui, Kenya inawakana, na kosa lao ni kwamba mama zao walipanga foleni ya unga. Naelewa hoja yenu. Mwananchi halisi angekubali kufa njaa kizalendo.

Najua utaniambia habari hizi zimepitwa na wakati, kwamba Februari 2025, mjini Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kukomesha msasa wa pekee kwa watu wa kaskazini. Nililisikia, na nilishangilia kama wengine. Ila tangazo la Rais ni jambo moja, na chifu ni jambo lingine. Tena haki iliyoletwa kwa saini ya mtu mmoja akiwa ziarani, miaka miwili na ushei kabla ya uchaguzi, inaweza kurudishwa kabatini kwa saini ya mwingine.

Kuhusu ada sitasema mengi. Novemba 2023 Wizara yenu ilitaka anayeanza alipe shilingi 1,000, na aliyepoteza alipe 2,000 badala ya 100. Watu wakapiga kelele, mahakama ikaingilia, na Machi 2024 zikashuka hadi 300 na 1,000. Wenzetu wanaosomea uchumi wanaita hiyo bei elekezi. Kwa mchuuzi wa samaki wa Vanga ilikuwa bei ya kukaa nyumbani.

Sasa nije kwenye kituo cha kupigia kura, ambako Tume imeonesha kwamba ni mwanafunzi wenu mwema. Mpiga kura aliyekwisha kuandikishwa lazima alete hati ileile aliyojiandikishia. Tuseme imeibwa kwenye matatu juma lililopita. Anafika, anaweka kidole kwenye mashine, na mashine inaleta jina lake na sura yake. Karani anatazama picha, anamtazama mtu, anaona ni yeye. Halafu anamrudisha nyumbani, kwa kuwa plastiki haipo. Kidole kilichomea mkononi mwake tangu kuzaliwa hakitoshi kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Lakini mashine ikikosea husamehewa. Mwaka 2013 vifaa vya kutambua wapiga kura vilizimika katika sehemu nyingi za nchi, na daftari la karatasi likatolewa. Mwaka 2022 vikagoma katika vituo kadhaa vya Kakamega na Makueni, na daftari la karatasi likatolewa tena. Hakuna aliyeitaka mashine ilete kitambulisho cha mashine iliyoitangulia.

Hoja kubwa ya masharti haya, nijuavyo, ni kuzuia wizi wa kura. Hilo ni jambo zito na mimi siibezi hofu hiyo. Katika nchi yetu watu wamekufa kwa ajili yake. Ila tutazame wizi unakaa wapi. Kabla ya uchaguzi wa 2022, wakaguzi wa KPMG walipitia daftari la wapiga kura wakakuta marehemu zaidi ya 246,000. Marehemu hao hawakuwa na shida yoyote ya karatasi. Na Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, haikusema kwamba vijana wa Mandera walipiga kura kwa vitambulisho vya kuazima. Ilizungumzia jinsi matokeo yalivyosafirishwa, na fomu za matokeo ambazo nyingine zilikosa sahihi au alama za usalama. Fomu isiyo na alama iliruhusiwa kubeba kura za eneobunge zima, lakini msichana asiye na karatasi ya nyanya haruhusiwi kubeba kura yake mwenyewe.

Hoja ya pili ni usalama, na hapa naweka kejeli chini kidogo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mmoja wa wauaji alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria, mtoto wa chifu wa Mandera. Msasa usingemkamata mtu ambaye baba yake ni miongoni mwa wanaopiga mihuri. Wenye nia mbaya na pesa hupita mlango wa nyuma, na kila anayeishi mpakani anajua mlango huo una bei. Anayebaki mbele, kwenye foleni ya kamati, ni yule asiye na nia mbaya wala pesa.

Sisemi kitambulisho kifutwe. Mtu akiulizwa jina lake kabla ya kupewa karatasi ya kura haonewi. Anaonewa pale ambapo anayedai hati ndiye peke yake mwenye kuitoa, na huitoa kwa kuangalia jina na kaunti. Wenzetu wana njia zao: kule Tanzania, tume ya uchaguzi humpa mpiga kura kadi yake yenyewe siku anapojiandikisha; kule Ghana, asiye na hati ameweza kudhaminiwa na wapiga kura wawili wanaomjua. Wote hao walikosea, maana majirani wa mtu wanawezaje kumjua kuliko kabati la Nairobi?

Kwa kuwa najua hamtaiga mambo ya kigeni, napendekeza ya kienyeji. Usajili wa wapiga kura hufungwa siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Siku hiyo hesabuni karatasi zote za kusubiri ambazo hazijajibiwa. Kwa kila moja, afisa mmoja wa usajili akabidhi kitambulisho chake na asipige kura tarehe 10 Agosti, kuanzia na ngazi za juu kushuka chini. Wakiisha maafisa, tuingie kwa wagombea: kila anayetaka ubunge alete kitambulisho cha nyanya yake mzaa baba, asili na si nakala. Nakisia karatasi za uteuzi zitakuwa chache, na nyinyi mtapata usingizi.

Ikiwa hilo ni zito, basi fanyeni jepesi. Kabla daftari halijafungwa, chapisheni kaunti kwa kaunti idadi ya walioomba kitambulisho, waliopewa, waliokataliwa na sababu yake, na siku ambazo kila mmoja alingojeshwa. Mnazo takwimu hizo. Nyinyi ndio mnaopenda kuandika watu. Ziwekwe ukutani pale Huduma Centre, karibu na bango la huduma bora kwa mteja, kwa maandishi makubwa, ili wazee nao wasome.

Nasubiri jibu. Nikiambiwa nije nichukue mwenyewe, naomba mnieleze nije na hati zipi.

Wako mtiifu,

Mpiga kura wa Pwani
(hadi ofisi yako itakapoelekeza vinginevyo)