Namna ya Kupata Kijani Bila Kupitia Topeni

Mwenye kopo la nyekundu, la njano na la bluu ni tajiri. Muuzaji wa rangi atakuonesha rafu nzima ya kijani cha kila aina na kukusihi ununue. Mwitikie salamu, nunua kopo moja la nyeupe, uondoke.

Sasa kaa chini. Anza na njano, na amri hii haina msamaha. Mimina njano kwenye kisosi, chovya ncha ya kijiti kwenye bluu, kisha koroga. Tone lile dogo litaacha michirizi, michirizi itapotea, na njano yote itageuka kijani cha jani changa la mgomba. Unataka kilichokolea? Ongeza tone jingine, si kijiko. Mwenye papara huanza na bluu halafu anamwagia njano juu yake. Kopo zima la njano linakwisha na bluu haijashtuka.

Chanzo cha maajabu haya ni ulafi. Rangi ya kopo kazi yake ni kumeza mwanga. Mwanga wa jua umebeba rangi zote, jambo ambalo Isaac Newton alilionesha kwa mche wa kioo na kulieleza katika kitabu alichochapisha 1704. Njano humeza bluu na zambarau, ikaacha nyekundu, chungwa na kijani zirudi machoni petu. Bluu yenye ukijani humeza nyekundu na chungwa. Zikikutanishwa kisosini, kila moja inakula alichobakiza mwenzake, na anayesalimika pande zote mbili ni kijani peke yake. Mimi naona hakuna hesabu nzuri kuliko hii ya kumfundishia mtoto kutoa.

Kwenye zambarau ndipo watu wanapolia. Nyekundu nyingi za dukani zina unjano ndani yake. Ukiikoroga nyekundu ya namna hiyo na bluu, tayari umetia rangi tatu kwenye kisosi, na zikimeza kwa pamoja hakibaki mwanga wa maana: unapata tope. Basi ipeleleze nyekundu yako kabla ya kuiamini. Changanya tone lake na nyeupe. Ikitoa waridi safi, ichukue. Ikielekea rangi ya papai lililoiva, iwekee kazi ya kutengeneza chungwa, ambako unjano wake ni baraka. Wachapaji wa magazeti na vitabu wanalijua hili vizuri, ndiyo maana mitambo yao hutumia majenta, samawati na njano, pamoja na nyeusi.

Hilo tope nalo usilimwage. Lizidishie nyekundu kidogo na njano kidogo, utapata kahawia ya udongo na ya ngozi ya swala, rangi ambayo mchoraji wa wanyama hawezi kuishi bila yake.

Ukitaka kuona mchanganyo uliokomaa, nenda Dar es Salaam kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 na rangi za kupakia baiskeli juu ya hadibodi, na waliomfuata bado wanapenda rangi hizo za mafuta zenye kung'aa. Kwenye picha yao, acha chui aliyechorwa kwanza, tazama anga nyuma yake: njano inaingia kwenye chungwa, chungwa kwenye nyekundu, na huoni mpaka. Rangi mbili zimepakwa jirani, kisha brashi ikapitishwa katikati kabla hazijakauka. Ukichelewa zikakauka, unapata mistari kama ya kanga, na hakuna brashi ya kuifuta.

Na ukihama kutoka picha kwenda ukuta wa sebule, paka jaribio kwanza na usubiri likauke, maana rangi za maji za ukutani mara nyingi hukolea zikikauka. Andika idadi ya vijiko vya kila rangi kwenye mfuniko wa kopo. Kisha changanya ya ukuta mzima kwa mkupuo mmoja, na izidi kidogo ya viraka, kwa sababu ikikuishia katikati ya ukuta, rangi ile ile hasa hutaipata tena.