Mbao kwa Siku

Mwaka 2011 mafundi wa jua kali nchini Kenya waliletewa Mpango wa Pensheni wa Mbao: shilingi 20 tu (ndiyo mbao ya mtaani) kwa siku, zitumwe kwa simu. Baadaye NSSF, hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii, nayo ikaja na Haba Haba, shilingi 25. Uzee ukawa umepatiwa dawa.

Fundi wa Kamukunji jijini Nairobi, nyundo mkononi na bati la sanduku mapajani, akipiga hesabu anapata 7,300 kwa mwaka, asikose hata siku moja. Kwa miaka 30 ni 219,000, kabla ya faida. Azigawe kwa miaka 20 ya uzee, ni kama 900 kwa mwezi. Inua Jamii, mpango wa serikali, humpa mzee wa miaka 70, asiyechanga hata senti, 2,000 kwa mwezi.

Kwenye semina, maofisa ambao makato yao huondoka kabla hawajauona mshahara humhimiza awe na utamaduni wa kuweka akiba. Wao, mwajiri huwaongezea asilimia 6 kisheria. Fundi naye ana mwajiri, ambaye ni yeye mwenyewe, na tangu mwezi jana mwajiri huyo hajalipa mshahara.