Mhadhara wa Mguu wa Kushoto

Ndugu mwenyekiti wa kijiwe, waheshimiwa wamiliki wa magari yenye kelele, mafundi wetu mliofuta mikono kwa heshima ya shughuli hii, na nyinyi mliosogea kwa kuwa mmesikia kuna soda: itifaki imezingatiwa. Pale ambapo haikuzingatiwa, aulizwe mwenyekiti.

Kwa wachache msionijua, mimi ni Bingwa wa Klachi wa Afrika Mashariki na Kati. Cheo hiki sikupewa na mtu. Nilitunga mtihani mwenyewe, nikaufanya, nikausahihisha kwa ukali, nikafaulu. Klachi yenyewe sijawahi kuifungua, maana kushika grisi ni kazi ya mafundi. Mimi niko upande wa nadharia.

Nimeitwa kujibu swali la kijana aliyenunua Subaru Impreza WRX, mtumba kutoka Japani, gia za mkono. Ameniuliza: "Bingwa, klachi ya kiwandani inadumu kilomita ngapi?" Nilicheka hadi miwani ikadondoka. Kijana, hilo ni sawa na kuuliza kiberiti kinadumu siku ngapi. Inategemea kiko mfukoni mwa nani.

Tuanze na historia, kwani msomi asiyeanza na historia huonekana ana njaa. Kule Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, palikuwa na bwana aitwaye Herbert Frood. Inasimuliwa kwamba aliwaona waendesha mikokoteni ya farasi wakipachika kiatu chakavu kwenye breki ili ishike vizuri. Akaenda kutafuta kitu bora kuliko kiatu, na mwaka 1897 akaanzisha biashara yake. Akazipangua herufi za jina lake, akaongeza E ya mkewe Elizabeth, likapatikana jina Ferodo. Andikeni hapo: elimu ya msuguano ilianza na kiatu. Na hadi leo kinachoua klachi ni kiatu, hasa cha kushoto.

Sasa tuingie ndani. Injini ina flaiwili, na giaboksi ina shafti. Katikati yake imekaa pleti ya klachi, imebanwa na presha pleti. Ukikanyaga pedeli, rilizi beringi inasukuma springi, pleti inaachiwa. Ukiachia pedeli, inabanwa tena. Basi sikieni siri ambayo wengi wameilipia kwa mamilioni: pleti iliyobanwa sawasawa hailiki. Inalika inapoteleza tu, yaani katika ule muda mfupi wa kutoka kuachiwa hadi kubanwa. Ndiyo maana safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 800, yaweza kuila klachi kidogo kuliko jioni moja ya foleni ya Kimara. Kilomita hazijui lolote. Wanaojua ni foleni, kilima, na ile tabia ya kulishikilia gari mlimani kwa kubalansi klachi ilhali handibreki ipo, imetulia, haina kazi.

Fundi, naomba kikombe cha chai. Hapana, si cha kunywa, ni kifaa cha kufundishia.

Impreza ya kijana wetu ina uzito wa kilo 1,400 hivi. Ukiondoka kistaarabu, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, joto linalozaliwa kwenye klachi linatosha kuchemsha funda moja la maji. Ukiondoka kwa fujo, injini ikilia kwenye mizunguko 4,500, umeongeza mizunguko mara tatu, lakini joto halipandi mara tatu. Linapanda mara tisa! Funda limekuwa kikombe kizima, hiki hapa, kimechemka kwa sekunde moja au mbili. Na hakuna maji pale chini, ndugu zangu. Ipo pleti yenye unene wa milimita chache. Ukirudia mara kumi mbele ya washangiliaji, umewapikia chai ya harusi kwa kuni za klachi.

Mtaniuliza, mbona rafiki yangu mwenye gari la kuvuta nyuma hufanya fujo hizohizo na klachi yake ipo? Swali zuri, ingawa hamkuliuliza. Gari lake linaserereka matairi. Tairi linaungua, linatoa moshi, linabeba sehemu ya dhambi. Impreza inavuta kwa magurudumu yote manne, nayo yameng'ang'ania lami kama kupe. Injini inataka kwenda, matairi hayataki kuserereka. Atateleza nani? Yuleyule mnyonge wa katikati.

Hapo wazee wa kijiwe watanikumbusha Colin McRae, aliyeshinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 akiwa na Impreza ya bluu. Namjua. Vijana walichukua rangi ya gari lake na kelele zake, wakasahau kitu kimoja: nyuma ya McRae lilikuwapo kundi zima la mafundi na spea mpya zinazosubiri. Nyuma yako wewe yupo fundi mmoja, tena spana nambari 14 ameazima.

Wengine mmeongeza presha ya tabo. Hongereni. Presha pleti ya kiwandani inabana kwa nguvu aliyoipanga mhandisi, na akiba kiasi juu yake. Mmeongeza nguvu ya injini, mkono unaobana umebaki uleule. Klachi ikianza kuteleza kwenye gia za juu, msimtukane mhandisi. Hakualikwa kwenye kikao chenu.

Nina wagonjwa wawili wa kuwaonyesha.

Mgonjwa wa kwanza ni mwalimu mstaafu, Impreza ya tabo kama yako. Odomita inasoma 170,000. Giaboksi iliposhushwa kwa ajili ya beringi iliyokuwa ikilia, pleti ya kiwandani ilikutwa bado ina nyama. Mwalimu anaondoka taratibu, mlimani anatumia handibreki, na akishabadili gia mguu wake wa kushoto unarudi sakafuni. Haufanyi pedeli kigoda.

Mgonjwa wa pili ni bwana mmoja mwenye elimu kubwa, sauti nzuri na heshima zake mjini. Klachi mpya, kilomita 3,000. Fundi, acha kukohoa. Tazameni pleti yake, nimeiweka kwenye gazeti: imeungua hadi inang'aa kama kioo. Riveti zimefika juu, zikaichora flaiwili mistari kama sahani ya santuri. Na yale madoa ya bluu kwenye flaiwili ni rangi ya chuma kilichopikwa. Inuseni. Harufu hiyo ukiisikia ndani ya gari lako, usiulize nani anachoma takataka. Fundi, nimesema acha kukohoa.

Sasa kipimo, bure kabisa. Tafuta barabara tupu, weka gia ya nne, mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta yote. Mshale wa mizunguko ukiruka juu na wa mwendo umelala, klachi inateleza. Ukishaamua kushusha giaboksi, usinunue pleti peke yake kwa ubahili. Badilisha presha pleti na rilizi beringi, kagua oili sili ya nyuma ya injini, maana ikivuja kwenye pleti mpya umetupa hela, na flaiwili ipelekwe kwa mchongaji ikasawazishwe. Kisha kilomita 800 za kwanza endesha kama umepakia trei za mayai.

Na wewe kijana uliyenunua mtumba, odomita imekwambia gari lilitembea kiasi gani. Haikukwambia liliendeshwa na mguu wa nani. Siku nyingine fanya kipimo kabla ya kutoa hela, si baada ya sherehe.

Jibu langu rasmi basi ni hili: kwa dereva mwenye adabu, kilomita 100,000 na zaidi si muujiza. Kwa asiye na adabu, jioni moja ya Jumapili inatosha. Gari ni lilelile, kiwanda kilekile, pleti ileile.

Kabla sijafunga, naona fundi amenyoosha mkono. Sema, mwanangu.

"Samahani, Bingwa. Ile klachi yako ya nne imefika. Nishushe giaboksi leo, au tusubiri umalizie deni la ile ya tatu?"

Ndugu mwenyekiti, naomba kelele hizo zitulizwe. Wahenga walisema mganga hajigangi, nami siwezi kuwapinga wahenga mbele za watu. Muda wa maswali umekwisha. Soda mtamdai mwenyekiti. Na kama yupo anayeelekea Kimara, naomba lifti. Gari liwe la otomatiki, tafadhali.